Jiwe Jekundu la Kibakwe

Juzi huko Kibakwe nilikuta trekta kuukuu lililokarabatiwa mjini, jekundu, linang'aa kama limetoka dukani asubuhi hiyo. Lakini tayari lilikuwa limeharibika tena. Lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, na fundi mpya alikuwa amelala chini yake, sisi wapita njia tukimwona miguu tu. Mwenye trekta, mama mtu mzima, alisimama kando akiwa ameshika kiuno.

Fundi akanyoosha mguu, akasukuma jiwe lililokuwa mbele ya tairi. Trekta likaguna, likaanza kuteremka.

"Toka! Toka, baba!" mama akapiga kelele.

Fundi akajiviringisha pembeni. Sisi tuliokuwepo tukaling'ang'ania trekta kwa nyuma, mama akalirudisha jiwe kwa mikono miwili. Trekta likatulia.

"Mama," fundi akauliza, "kwani hili halina breki?"

"Si hiyo umeipiga teke?"

Ndipo nikalitazama jiwe vizuri. Nalo lilikuwa limepakwa rangi nyekundu.

"Yule fundi wa mjini alilipaka," mama akasema. "Nilimpelekea vyote pamoja."

Siku hizi nikialikwa kwenye uzinduzi wa kitu kilichokarabatiwa, sipigi makofi mapema. Kwanza nainama kutafuta jiwe.