Waya ya kengele kwa amplifier ya Mwenyekiti

Wakuu, habari zenu. Naona vijana humu wanabishana kuhusu waya ya power ya amplifier, ati yoyote ni sawa bora iwe copper. Hebu niwaambie yaliyonipata. Sitatia chumvi, iliyoko inatosha.

Miaka ya themanini nilikuwa fundi wa redio hapa Eldoret. Chama kilikuwa kimoja, na kupinga kitu chochote ilikuwa ni kujitafutia balaa.

Mwenyekiti wa chama upande wetu akaniletea pickup yake. Alitaka amplifier nyuma na spika mbili juu, kwa sababu ya mkutano Kapseret. Wakubwa walikuwa wanakuja.

Nikapima. Kutoka kwa betri hadi nyuma ni mbali, na hiyo mashine ikipiga kelele inakula umeme sana. Nikatoa waya nene kama kidole.

"Hiyo itamaliza betri yangu," akasema. "Hii ni gari ya chama, si posho mill ya kusaga mahindi. Weka ile." Alikuwa anaonyesha waya ya kengele ya mlango.

Nikamwambia, Mzee, hiyo ni nyembamba, umeme utapungua njiani. Ukipandisha sauti, amplifier itazima.

"Unanipinga?"

Wakuu, nikarudisha ile nene kwa sanduku. Nikafunga ya kengele.

"Na ikizima nikimtaja Rais," akaongeza, "utaeleza askari ni nani alikutuma."

Siku ya mkutano nilikaa nyuma ya pickup nimeshika waya. Akaanza na mambo ya dip ya kuogesha ng'ombe. Sauti safi kabisa. Amplifier haikuwa na shida na ng'ombe.

Halafu akavuta pumzi. "Na sasa tumshukuru Mtukufu..."

Kimya.

Ikarudi. Akarudia, kwa nguvu zaidi. Kimya tena. Mara nne hivyo. Waya ilikuwa inanichoma vidole, na mimi nawaza tu nani atalisha watoto wangu nikiwa ndani. Niliogopa vibaya.

Mama mmoja mbele aliona mdomo wa Mwenyekiti unacheza na hasikii kitu. Akapiga makofi, ya usalama wake. Nani angebaki amekaa? Uwanja mzima ukasimama, na wakubwa pia.

Mwenyekiti akashuka jasho likimtoka, anacheka. "Fundi, umeona? Makofi hayakuniacha hata nimalize. Na wewe ulitaka kuniwekea waya nene."

Mwezi huo nikafunga waya ya kengele kwa pickup zingine tatu za wenyeviti. Kwa amri.

Kwa hivyo vijana, angalia amplifier inavuta ampea ngapi, pima urefu wa waya, ukiwa na shaka chukua nene, na uweke fuse karibu na betri. Usiulize mwenye gari.

Mimi pia nilipiga makofi siku hiyo, na vidole vimeungua.

Kama uko humu na ulikuwa Kapseret, jitokeze hapo chini utuambie ukweli: wewe ulikuwa unashangilia nini?