Chupa Niliyoimwaga

Nina bucha Kakuma, na nyama naijua kuliko mtu yeyote soko lile. Ndiyo maana nikafanya ujinga ule.

Mdogo wangu, mwalimu wa chekechea huko Kanamkemer, aligundua kauvimbe kwenye titi, kama punje ya mahindi. Daktari wa Lodwar alichukua vipande kwa sindano, akavitia kwenye chupa yenye dawa ya kuvihifadhi visioze, akanikabidhi nivipeleke maabara Eldoret. "Mama, usiifungue," alisema. Mimi huyo nitaambiwa nini kuhusu nyama! Pale stendi jua lilikuwa linachoma, na dawa ilinuka mpaka nikatokwa machozi. Nikajiambia sumu hii itaharibu nyama ya mdogo wangu. Nikaimwaga, nikaviosha vile vipande, nikavirudisha, nikaizika chupa kwenye mfuko wa barafu niliyonunua kwa Msomali muuza sharubati, nikapanda gari. Maabara waliikuta chupa haina dawa, wakaniuliza. Nikasema imevuja njiani.

Majibu yalipokuja, daktari alituita sote wawili. Ni saratani, alisema, lakini imewahiwa. Kilichobaki ni kujua kama ina vipokezi vya homoni. Vikiwepo, mara nyingi ugonjwa huwa na kasi ndogo, na kuna tembe za kuuzuia usirudi. Visipokuwepo, tembe hizo hazisaidii, na mambo huwa magumu zaidi.

"Hapa wameandika havionekani," alisema. "Lakini wanasema vipande vilikuwa vimeharibika, hata wenyewe hawaliamini jibu lao. Mama, vilibebwaje?"

Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Haki ya Mungu, sijawahi kujichukia vile.

"Niliimwaga ile dawa," nikasema. "Nikaweka barafu."

Daktari alivua miwani. Nilingoja mdogo wangu anitukane. "Dada! Yaani umeniweka kwenye barafu kama matumbo ya mbuzi?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko kikakatika, akalia, nami nikalia naye.

Alifanyiwa upasuaji, uvimbe ukatolewa wote, na hospitali yenyewe ikaupeleka kupimwa upya. Mimi sikukaribia hata mlango wa chumba cha upasuaji. Wiki zile nilikata nyama vibaya, wateja wakanung'unika, nikawafokea.

Simu ililia nikimpimia kilo mbili mama mmoja wa Sudan Kusini.

"Ejok, dada," mdogo wangu akasema, yaani ni vyema kwa Kiturkana. "Vipo."

"Vipo nini? Sema vizuri, wewe!"

"Vipokezi. Vingi. Nimeanza tembe leo."

Nikaketi chini palepale, kisu mkononi, machozi yakinitoka. Yule mama akaniuliza kwa upole nani amekufa.

"Utazimeza mpaka lini?" nikauliza kwenye simu.

"Miaka mitano," mdogo wangu akasema, na nikasikia sauti yake ikitetemeka kwa furaha. "Dada, umesikia? Daktari amenipangia miaka mitano."