Juzuu ya Mwisho Ilikuwa Nyamisati

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Utete, nilikabidhiwa sanduku la vitabu, mhuri, kidau cha wino na onyo. Aliyenikabidhi ni Bwana Elimu wa Wilaya, Mwingereza mrefu aliyekisema Kiswahili taratibu, kila neno kwa zamu yake. "Karani," akaniambia, "kitabu kimoja kikiharibika, sanduku hili linarudi Dar es Salaam, na wewe utatafuta kazi nyingine." Nikamwuliza, "Kwani, Bwana, kitabu kuharibika ni kufanyaje?" Akanisukumia kidau cha wino, akatoka. Nyumbani marehemu mama alikuwa akiniita Kwani, kwa sababu ya tabia hiyo hiyo ya kuuliza, na uzee haujaniponya.

Kazi yenyewe iliitwa Usomaji wa Likizo. Zama hizo za Mwingereza, kijana wa Rufiji aliyebahatika kufika sekondari alikwenda kusoma bweni huko mbali, akirudi kwao wakati wa likizo. Bwana Elimu alishika rai kwamba wakirudi kwetu husahau yote waliyofundishwa, kwa hiyo waazimwe vitabu wasome nyumbani, na mwisho wa likizo waje mbele yake waeleze walichosoma. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa vitabu hivyo.

Nikufundisheni kidogo, wajukuu zangu. Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu kulikuwa na kimfuko cha karatasi kilichogundishwa kwa gundi, na ndani ya kimfuko mna kadi. Ukiazima, kadi inabaki kwangu na kitabu nakigonga mhuri wa tarehe ya kurudisha. Halafu kuna uti wa kitabu, yaani mgongo wake. Ukiuchungulia utaona kurasa hazikubandikwa tu, zimeshonwa kwa uzi fungu baada ya fungu, kisha mafungu yote yakaunganishwa. Yashikeni hayo mafungu, maana ndiyo yaliyonitia mashakani.

Utete sikukaa. Nilihamishiwa Kibiti, kwa kuwa malori ya kutoka Dar es Salaam yalipita pale, na wanafunzi wangechukua vitabu wakishuka. Nikapewa chumba ubavuni mwa duka la Bwana Gulamu, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Kibiti, mtani wangu mkubwa. Wanafunzi walishuka kweli, wakachukua vitabu, wakashika njia ya makwao. Kanuni ilisema kila wiki waje kubadilisha. Wiki ikapita, nyingine nayo ikapita, na chumbani nikawa mimi na nzi. Gulamu akichungulia mlangoni ananiambia, "Karani, mimi nauza chumvi, wewe unauza kimya. Nani kati yetu atafilisika kwanza?"

Mimi sikuhofia kufilisika. Nilitaka kujua vitabu vyangu viko wapi. Nikaazima baiskeli ya Gulamu nikateremka bondeni mpaka kijiji cha Umwe.

Nilipofika nilijiona mpumbavu, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mtoto wa bondeni na nilipaswa kujua. Mpunga ulikuwa umeiva. Mpunga ukiiva Rufiji hakuna mwanafunzi wala mwalimu, kila mtu anapanda dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo shambani, kuamia ndege wasile mpunga na kuwatazamia nguruwe. Ofisi ilikuwa imepanga likizo ya kusoma bila kuuliza mpunga unaiva lini. Basi nikapita kwenye vijia vya mashamba, na huku juu ya madungu nikasikia sauti za watu wanaosoma. Walisoma kwa sauti kama wasomavyo watoto chuoni kwa maalimu, dungu hili na lile, na kila mmoja maneno yake. Nikasimama nikisikiliza, mdomo wazi.

Kwenye dungu la karibu alikaa Saidi, kijana mwerevu niliyemwazima kitabu kizuri kuliko vyote sandukuni. Kilikuwa hadithi ya Kiswahili ya mfua chuma aliyeshitakiwa kwa kumwua nduguye wa kunyonya. Mkono mmoja ulishika kombeo la kutupia ndege udongo, na wa pili ulishika kijitabu chembamba chenye jalada la karatasi ya mfuko wa saruji.

"Shikamoo, Bwana Karani," akasema, akateremka.

"Marahaba. Hicho nini?"

"Juzuu yangu."

"Juzuu ya nini?"

"Ya mfua chuma."

Nilikaa kitako pale pale kwenye tuta. Kumbe kila kijana alikitaka kitabu kile, na kungoja zamu kungewafikisha wengine siku ya kupanda lori kurudi shule kabla hawajakisoma. Wakakumbuka hitima. Kwetu mtu akifiwa, msahafu hugawiwa juzuu juzuu, kila msomaji anachukua yake, wote wanasoma kwa pamoja, na msahafu mzima unakhitimiwa kwa kikao kimoja. Basi wakaukata uzi wa kitabu changu kwa wembe, fungu kwa fungu, wakagawana. Niliyakagua mafungu. Hapakuwa na ukurasa uliochanika, na kila fungu lilikuwa limevikwa jalada kwa heshima. Hasira yangu ikakosa pa kushika.

"Na mnaelewa?" nikauliza.

Saidi akajikuna kichwa. "Hapo ndipo palipotushinda. Msahafu kila mtu anaujua, ukianzia popote umo. Hiki hatukukijua. Mwenzetu Shomari, juzuu yake inaanzia watu wako mazikoni, na hajui anazikwa nani. Sasa tukikutana jioni kila mmoja anasimulia yake kwa mpango, wa kwanza mpaka wa mwisho."

"Na mwisho wake ukoje? Alimwua, hakumwua?"

"Hatujui. Juzuu ya mwisho tumempelekea dada yangu Mwanaidi. Kaolewa Nyamisati. Anajua kusoma, nilimfundisha mwenyewe. Hitima haimwachi nje mtu ajuaye kusoma."

Kabla sijajua nimweleze nini Bwana Elimu, mwenyewe akafika Kibiti kukagua. Vijana wakaitwa, wakaja na majani ya mpunga nguoni. Wakasimulia kwa zamu, na wallahi walisimulia vizuri, mpaka Gulamu akaacha duka wazi akaja kusikiliza. Walipofika kwenye hukumu wakanyamaza.

"Endeleeni," akasema Bwana Elimu.

"Iliyobaki haiko hapa, Bwana," akajibu Saidi, na ukweli wote ukatoka.

Bwana Elimu akayatandaza mafungu mezani. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Hiki hakikuharibika," akasema. "Hiki kimechinjwa. Karani, Jumatatu napita tena kwenda Utete. Nikute kitabu kizima. Nisipokikuta, nalipakia sanduku."

Wale vijana waliinama. Saidi akaniuliza pembeni kama sanduku likienda litarudi. Nikamwambia sijui. Nilijua vizuri kwamba halirudi, na roho iliniuma.

Nikafunga mafungu yote ndani ya kanga, nikapanda baiskeli mpaka Nyamisati, kule kwenye mikoko na boriti. Nilimkuta Mwanaidi barazani kwa mama mkwe wake, yeye na wanawake wengine wanachambua kamba wa baharini. Alikuwa msichana mwembamba mwenye macho yasiyotulia. Nilipojitambulisha hakuniuliza habari za safari.

"Bwana Karani, yule mfua chuma mwisho wake naujua," akasema. "Alikuwa kakosa nini?"

Nikamweleza shida yangu, nikamwomba juzuu. Akaingia ndani, akatoka nayo kifuani.

"Mmenipa mwisho, hamkunipa mwanzo," akasema. "Tangu ifike nakaa najitungia mwenyewe. Siku nyingine namfanya mwizi wa ng'ombe, siku nyingine kamtorosha mke wa mtu. Siitoi mpaka nijue."

"Sina nafasi, mwanangu. Jumatatu..."

Mkwewe akadakia, mikono ndani ya ungo. "Jumatatu haijafika, baba. Keti. Na sisi tunataka kujua, huyu mtoto katusumbua na mfua chuma wake hata usingizi hatupati."

Nikaketi. Mwanaidi akasoma tangu fungu la kwanza, kwa sauti, siku ile na ya pili yake, na kamba wakachambuliwa vizuri kuliko siku zote. Wanawake wakagawanyika, hawa wanasema kaua, hawa wanasema kasingiziwa, mpaka wakataka kununiana. Mwanaidi peke yake alijua mwisho, na alijiuma mdomo. Alipousoma, mkwewe alilia bila kuficha. Mimi nami sikuwa mkavu.

Aliponipa juzuu aliishikilia kidogo. "Na mimi niandikie kadi," akasema.

"Kadi ni za wanafunzi wa sekondari."

"Haya," akasema, akaiachia. Akarudi kwenye ungo wake. Njia nzima ya kurudi niliitazama ile "haya" kila upande, na hakuna upande ulionifurahisha.

Gulamu alinipa uzi na sindano ya kushonea magunia, nikakishona kitabu. Jumatatu Bwana Elimu akateremka garini, akakichukua, na badala ya kuhesabu kurasa akaenda moja kwa moja fungu la mwisho. Alisoma amesimama juani, dereva anangoja. Akakifunga, akakohoa.

"Sanduku likae," akasema. "Kitabu hiki kifute katika orodha. Hakifai kuazimwa tena. Kitupe."

"Na ile likizo, Bwana? Kwani haiwezi kungoja mpunga?"

"Nitaandika kwa wakubwa," akajibu. Kama aliandika sijui, maana likizo haikusogea hata siku moja. Mimi ndiye niliyesogea. Tangu mwaka ule nilivipeleka vitabu madunguni mwenyewe, kwa baiskeli.

Kile kitabu sikukitupa. Niliukata uzi tena kwa mkono wangu, nikakirudisha katika juzuu zake, nikampa mchukuzi wa boriti akipeleke Nyamisati kwa Mwanaidi. Kadi sikuwa na uwezo wa kumpa, lakini kitabu kilichokwisha kufutwa hakikuhitaji kadi.

Nilihamishwa Mkongo, nikarudishwa Utete, Uhuru ukanikuta huko, na mwishowe nikastaafu. Wakubwa wengi walipita juu yangu, na wazuri walikuwa wale waliojibu maswali. Macho yangu leo yana mtoto wa jicho. Mimi niliyeazima vitabu wilaya nzima, ukurasa nauona kama ukungu wa bondeni.

Juzi juzi mjukuu wangu alinipeleka Nyamisati. Mwanaidi naye ni bibi mzee. Juzuu zimezunguka nyumba hadi nyumba, nyingine zimevuka mpaka Mafia zikarudi, majalada yamebadilishwa mara nyingi. Ya mwisho haiazimwi. Anaikalisha sandukuni mwake, na kila mwanamke anayeitaka sharti kwanza amsimulie yaliyotangulia.

Nikamwambia mwisho nimeusahau kabisa, na kusoma siwezi tena, anisomee. Akaitoa, akaiweka mapajani, akaifunika kwa kiganja.

"Nitakusomea, Bwana Karani," akasema. "Haya, mwanzo."

Nikakaa vizuri kwenye mkeka, nikaanza kusimulia.