Kijiko cha Chai

Kama kulikuwa na neno moja la Kiswahili ambalo Raymundi hakutaka hata kulisikia, ni neno "tumeelewa". Alikuwa amelisema mwenyewe miaka sita mfululizo, tena kwa sauti ya juu, na ndiyo maana lilimchefua.

Raymundi alikuwa dresa, yaani mhudumu wa zahanati, katika kijiji kimoja nyuma ya Urambo. Zahanati yenyewe ilikuwa chumba cha udongo, benchi, sanduku la mbao lenye dawa, na watu waliojipanga mlangoni tangu alfajiri. Kila kiangazi madresa wote wa wilaya waliitwa Tabora kwa mkutano wa siku tatu, wakaongezewe maarifa na kujaziwa masanduku yao. Raymundi alikwenda kwa miguu, kwa njia ile ile ambayo babu yake aliipita akishuka pwani kama mpagazi, pembe ya ndovu begani.

Basi sikia jinsi maarifa yalivyoongezwa. Daktari Mwingereza alisimama mbele na karatasi zake, akasoma. Kando yake alisimama karani Mabruki, mzaliwa wa mjini, kanzu imepigwa pasi, Kiswahili kimenyooka, akifasiri sentensi moja baada ya nyingine. Watu wazima kumi na wanane, wengine wana wajukuu, walibanwa kwenye madawati ya watoto wa shule, wakisinzia kwa zamu. Hakuna aliyeshika chupa. Hakuna aliyeulizwa jambo, ila swali moja tu la kufungia siku.

"Bwana Daktari anauliza, mmeelewa?"

"Tumeelewa, bwana!"

Wangejibu nini? Kumwambia mkubwa kwamba hujaelewa ni sawa na kumwambia hajui kusema, na hawa walikuwa watu waliofunzwa adabu na mama zao. Wakapewa chai, wakajaziwa masanduku, wakarudi makwao kama walivyokuja.

Babu yake Raymundi hakufundishwa hivyo. Mpagazi mgeni alipofunga mzigo wake mara ya kwanza, kirangozi, yule kiongozi wa msafara, hakumuuliza kama ameelewa. Aliushika mzigo akautikisa. Ukilegea, aliufungua wote, vitu vikamwagika chini, na mgeni akaanza upya, mbele ya wenzake wanaocheka, mpaka siku utakapotikiswa usilegee. Mzee alikuwa akilisimulia hilo kwa majivuno hadi uzeeni, na vidole vyake vilikuwa bado vinaukumbuka ule ufungaji.

Mwaka wa 1935 daktari alisoma habari za dawa mpya ya safura. Ni dawa nzuri, alisema, lakini kali, ikizidi huua. Mabruki akafasiri kipimo: mtoto, kijiko kimoja cha chai. Mmeelewa? Tumeelewa, bwana.

Sasa, kijijini kwa Raymundi nani alikuwa akinywa chai? Chai aliiona misheni tu, siku za sikukuu. Ilipikwa kwenye sufuria kubwa na kuchotwa kwa kijiko kirefu cha bati, chenye tumbo, kikombe baada ya kikombe. Kijiko cha chai kwake kilikuwa hicho, na hakuwa na sababu ya kufikiri kuna kingine. Kwa bahati kimoja cha aina hiyo kilining'inia ukutani kwa jirani yake Paskazia, ambaye aliwahi kuwa mpishi wa masista. Raymundi alikwenda kukiazima siku ile ile aliyomtibu binti wa Paskazia, Flavia, mtoto wa miaka sita aliyekuwa amepauka kwa safura.

Flavia alikunywa kijiko kizima, akakunja uso, akacheka. Siku ya tatu, adhuhuri, akafa.

Paskazia hakumlaumu. Alimshukuru kwa kuhangaika, akasema Mungu amempenda mtoto wake, na kila asubuhi alipopita zahanati aliendelea kumwamkia kwa heshima. Kijiko akamwachia, kitamfaa kazini. Raymundi naye aliamini ni maradhi yaliyozidi dawa, na hakuletewa mtoto mwingine wa safura.

Aliamini hivyo miezi minne, mpaka Anton, dresa wa upande wa Sikonge, alipopita kumsalimu akakiona kijiko juu ya sanduku.

"Hicho cha nini, ndugu yangu?"

"Cha dawa ya safura. Kijiko cha chai."

Anton alikichukua, akakigeuza mkononi. Akatoa chake mfukoni, cha pembe, kidogo kuliko kile mara mbili au tatu. "Mimi natumia hiki," alisema. "Lakini hata mimi nilibahatisha tu."

Toka siku hiyo Raymundi akawa mtu wa hasira. Aligombana na mkewe kwa sababu ya chumvi, akagombana na katekista kwa sababu ya kengele. Usiniambie alikuwa na tabia mbaya. Alikuwa ameua mtoto kwa adabu, na mama wa mtoto alikuwa akimwamkia.

Mkutano wa mwaka uliofuata ulikuja. Daktari yule yule, madawati yale yale, karatasi zimeongezeka. Siku ya pili akasoma tena kipimo cha dawa ya safura, Mabruki akafasiri vile vile, na jioni likaja lile swali.

"Tumeelewa, bwana!"

Raymundi alisimama. "Mimi sikuelewa," alisema. "Na hawa nao hawakuelewa. Mwambie."

Mabruki alimkodolea macho. "Kaa chini, bwana, unatuaibisha," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia daktari, akasema maneno mawili matatu ya Kiingereza. Daktari akatabasamu, akamwitikia Raymundi kwa kichwa.

Raymundi hakujua Kiingereza, lakini tabasamu alilijua. Alikuwa amefasiriwa kuwa ametoa shukrani! Hasira ya miezi yote ile ikampanda mpaka masikio yakavuma. Alifungua sanduku lake, akatoa kijiko cha bati, akaenda mbele akakibwaga juu ya karatasi za daktari.

"Kijiko cha chai," alisema. Kisha akawageukia wenzake. "Toeni vyenu! Wote! Leo tunautikisa mzigo!"

Anton alikuwa wa kwanza. Akafuata mwingine, na mwingine, kwa aibu, wakitoa masandukuni. Mezani vikajaa vijiko vya mti, vya pembe, vya bati, upawa wa kibuyu, na mmoja alileta kifuniko cha chupa. Mzee mmoja hakuwa na kitu. Alikunja kiganja chake, akaonyesha.

Daktari alitazama meza muda mrefu. Akachukua gilasi ya kupimia na maji, akapima kimoja kimoja. Cha Raymundi kilichukua vijiko vinne vya chai na kidogo. Uso wa daktari ulikuwa mwekundu, sasa ukaanza kuwa mweupe.

"Hiki kimeua mtoto," Raymundi alisema. "Anaitwa Flavia. Mwambie hilo, Mabruki, na safari hii usimshukuru kwa niaba yangu."

Mabruki akafasiri, neno kwa neno.

Siku ya tatu hakukuwa na kusoma. Daktari aliagiza vijiko vidogo kumi na vinane kutoka dukani, wakapima maji asubuhi hadi mchana, kila mtu mwenyewe, mwenzake akimkagua, wanamwaga wanaanza upya. Watu walicheka na kubishana, na hakuna aliyesinzia. Kabla ya kuagana daktari alimpa Raymundi barua. Aliachishwa kazi kuanzia mwisho wa mwezi, kwa kifo cha mtoto. Daktari mwenyewe hakuandikiwa barua na mtu.

Raymundi alirudi kwa miguu akiwatukana wote njia nzima: daktari, Mabruki, madawati. Alipofika hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Paskazia, akakiweka kijiko cha bati mbele yake, akamweleza yote bila kupunguza neno: kipimo, mkutano, jinsi alivyojibu ameelewa naye hajaelewa.

Paskazia alikishika kijiko magotini, hakulia.

"Hiki ni cha kuchotea," alisema mwishowe. "Kijiko cha chai cha masista ni kidogo, kama kidole hiki, cha kukorogea sukari. Nimeviosha miaka minane."

Raymundi alimtazama.

"Ulipoomba kile cha ukutani nilishtuka, baba. Nikasema moyoni, mbona kingi hivyo kwa mtoto? Wewe ukaniambia, kijiko kimoja, kisha alale, umeelewa, mama Flavia?"

Akakilaza kijiko chini.

"Nami nikakujibu nimeelewa."