Jiwe Langu la Kileleni

Sikuondoka Kigera, kwetu Musoma mjini, kwenda kutalii. Niliondoka kwa hasira. Kwa wakwe zangu Nyasura, huko Bunda, mke hawashi moto wake mpaka aweke mlangoni mwa jiko jiwe la chokaa alilolibeba mwenyewe kutoka kilele cha mlima wao. Mimi niliolewa nikiwa na mimba, kisha mtoto, sikupata kupanda, basi kila nikienda nilikuwa napikia jiko la mama mkwe kama mgeni. Pasaka, Nyangeta, mke wa shemeji yangu, akanicheka mbele ya watu: "Wewe wa Musoma mjini, mlima utauonea kwenye simu!"

Baada ya sikukuu, asubuhi moja nilimfunga mwanangu Wegesa mgongoni, nikapanda gari. Njia panda ya Butiama kulikuwa na mvua. Bunda, jua kali.

Chini ya mlima alinipokea Mama Magesa, mkulima wa pamba. Alinipa uji wa mtama.

"Mwache mtoto hapa, mwanangu. Huko juu kuna upepo."

"Tunapanda wote, mama. Nimechoka kusemwa."

"Haya. Ila mawe meupe ya huku chini siyo chokaa. Wavivu ndiyo wanaokotaga hapo."

Juu ya vichaka mlima wote ni mawe makali, vumbi lake jeupe kama unga. Viatu vilichanika, nikapanda. Kileleni niliona mabati ya Bunda, mashamba ya pamba na ziwa likimetameta mbali. Wegesa akaucheka upepo. Nikapiga kelele: "Nyangeta, niko huku!" Nikang'oa jiwe langu.

Jioni, nilipofika Nyasura, Nyangeta akalitazama.

"Hilo umeokota chini."

"Leteni limau," nikasema.

Somo la kemia sikulisahau: chokaa ikipata asidi ya limau hutoa povu. Nikalikwangua jiwe, nikakamua limau. Likatoa povu! Kisha nikakamua kwenye jiwe la Nyangeta, lililokaa mlangoni mwake tangu aolewe. Kimya. Nikalikwangua, nikakamua tena. Kimya.

Mama mkwe alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. "Nyangeta, mama, hili umelitoa wapi?"

Nyangeta akatazama chini. Mimi nikaliweka jiwe langu mlangoni mwa jiko, nikawasha moto wangu, nikasonga ugali. Nyangeta naye alikula.

Kesho yake nilirudi Kigera, miguu inauma, kichwa juu. Nimejifunza kwamba mlima hauulizi mtu katoka mjini au wapi. Unataka miguu tu. Leo Nyangeta kanipigia simu, anauliza njia ya kwa Mama Magesa. Nimemwelekeza vizuri. Nikamwambia abebe na limau.