Tui Lililoganda Kwenye Bakuli Langu

Majina yao wote nayakumbuka: la daktari wa goti, la muuguzi wa mizani, la shoga yangu, la mkaza mwanangu, pamoja na majina ya baba zao na mitaa waliyotoka. Sitayaandika. Wenyewe wanajijua, na sitaki mtu anyooshewe kidole sokoni kwa sababu yangu.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye goti la kulia. Lilikuwa limeisha. Daktari alinionyesha kwenye picha: mfupa wasugua mfupa, hapana kitu katikati. Nikawa naswali juu ya kiti. Mtu mwenye magoti yake hajui kuswali juu ya kiti kukoje. Wenzako wote wanashuka, mapaji yao yako chini kwenye mkeka, nawe umebaki juu kama mtu aliyekuja kuwatazama. Unaona visigino vyao. Ulimi wangu ulikuwa ukisema yale yale wanayosema, lakini kila sijda nilikuwa nalia ndani kwa ndani. Nilikuwa na shoga yangu tu pale nyuma msikitini, yeye naye kiuno kilimkatalia zamani. Viti viwili vya plastiki, chake na changu, vyeupe, vimebandikana na ukuta.

Daktari akaniambia, "Mama, goti hili hubadilishwa. Wengi wakibadilishiwa hurudi kupiga magoti polepole, wengine hawarudi." Mimi nililishika lile neno la kwanza. "Lakini kwa uzito huu sikupasui. Shuka mpaka kilo themanini, nami nitakupa tarehe."

Nilikuwa tisini na sita. Nilikuwa mwanamke wa mwili tangu ujana wangu, na mwili huo nimeitiwa nao mengi, mabaya hakuna hata moja. Huku kwetu Likoni mwanamke akinenepa nyumbani kwa mwanawe, hiyo ni sifa ya mwana na sifa ya mkewe.

Chakula kilipangwa hivi. Mimi kwenye mbuzi ya nazi siwezi tena kukaa, goti halikunjiki, kwa hiyo anayekuna nazi ni mkaza mwanangu, mkewe mwanangu. Anayekuna ndiye anayekamua, na anayekamua ndiye anayepika. Nazi moja hukamuliwa mara tatu. Tui la kwanza ni zito, twaliita kasimi, hilo ndilo lenye mafuta yote. La pili ni la kuchemshia. La tatu ni kama maji yaliyooshea kikombe cha maziwa. Mkaza mwanangu mwenyewe ndiye aliyesema, mbele ya daktari, "Mama nitampikia kwa sufuria yake ndogo, nimtilie lile la tatu. Atasikia harufu ya nazi, lakini mafuta hayatakuwemo." Daktari akampa mkono. Mimi nikamwombea dua palepale, nikasema Mungu kanipa binti ambaye sikumzaa.

Na kutembea pia. Daktari alisema nitembee majini, maji hubeba mwili na goti halichoki. Basi baada ya kuswali alfajiri, shoga yangu alikuwa akinipitia, tunapanda tuktuk mpaka ufuoni, tunaingia na madera yetu na leso tumezifunga kifuani, maji ya kiuno, tumeshikana mikono. Wanaume wanaokimbia ufuoni walikuwa wakitucheka. Shoga yangu hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Nyanyua mguu, bibi wee! Waburura kama kaa aliyekatwa gando."

"Na wewe funga leso vizuri, samaki wataona haya."

"Wakiona haya wafumbe macho. Mimi sikuwaita."

Nilicheka asubuhi zile kuliko nilivyocheka tangu nifiwe na mume wangu. Kilo zikashuka. Tisini. Themanini na saba. Dera likaanza kupwaya, pete ya ndoa ikawa yatoka yenyewe. Themanini na tatu.

Hapo nikakwama.

Mwezi ulioandama nikapanda mizani, themanini na tatu. Mwezi uliofuata, themanini na tatu. Wa tatu, vilevile. Muuguzi alikuwa binti wa bara, mchangamfu, mdomo haukai, bibi yeyote kwake ni shosho. Akaniuliza mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi:

"Shosho, na hizo chapati unazificha wapi? Chini ya mto?"

Benchi zima likacheka. Mimi nilicheka nao, maana ungefanyaje. Lakini nilikuwa nimeumia. Nilikuwa nalala na njaa. Nimekaa harusini, sinia la pilau limewekwa mbele yangu, nikala kachumbari. Halafu naambiwa nala kwa siri. Muuguzi aliona uso wangu akaacha mzaha, akaniambia mwili ukikaribia mwisho hugoma, umezoea kidogo unachoupa. "Wengi hukwama hapo, shosho. Punguza kidogo tena, ongeza kutembea, usikate tamaa."

Nikaongeza kutembea mpaka vidole vikakunjamana kama vya mfu aliyeoshwa. Na chakula nikaamua nikigawe: chochote nitakachopewa nile nusu, nusu niiache.

Siku ile jioni ilikuwa mchicha. Nikala nusu, nusu nikaifunika kawa kwenye bakuli, nikaiweka sakafuni pembeni mwa dirisha, nikasema nitaimalizia kesho, sitaki mkaza mwanangu aone nimebakisha akaudhika. Ilikuwa mwezi wa nane, ile miezi yetu ya baridi, ambapo hata chupa ya mafuta ya nazi ya nywele huganda dirishani mpaka uitie juani. Usiku mvua ilinyesha.

Asubuhi nikafunua kawa. Juu ya mchicha kulikuwa na utando mweupe, mgumu, kama nta ya mshumaa iliyomwagika. Nikauchokora kwa ukucha. Ukatoka kipande kizima. Nikakiweka kiganjani, kikayeyuka, kikawa mafuta, yakanitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Tui la tatu haligandi hivyo. Nimekamua nazi tangu nikiwa mtoto wa kuketishwa kwenye mbuzi na mamangu. Tui la tatu halina hata cha kung'aa.

Ulimi wangu mwezi baada ya mwezi ulikuwa umeniambia, nami nikaukanusha. Nilikuwa nakula nikisema, "Mwanangu, wewe una mkono! Tui la tatu, na mchicha mtamu hivi!" Naye akisema, "Ni mahaba, mama." Nilimsifia mpaka kwa jirani.

Kabla ya adhuhuri nikajikongoja mpaka mlango wa jikoni, nikasimama. Alikuwa amenipa mgongo, anakamua. Kile kifumbu cha ukindu cha kukamulia nilimpa mimi alipoolewa. Akakisokota kwa mikono miwili, tui la kwanza likashuka, jeupe, zito. Likashuka kwenye sufuria ndogo.

Nikamwita kwa jina lake.

"Abee, mama." Akageuka.

"Hiyo sufuria ni ya nani?"

Akatazama sufuria kana kwamba ndiyo itakayojibu.

"Nakuuliza, ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Na watoto wala nini?"

"La pili na la tatu."

Yaani wajukuu wangu walikuwa wakila maji ili mimi nibaki na kilo zangu. Nikamuuliza kwa nini. Akaweka kifumbu chini, akajifuta mikono kwa leso, akaanza kulia, na katika kilio chake mlikuwa na hasira pia.

"Mama, wewe ukitembea watu hawakuangalii wewe, waniangalia mimi. Dera lakuning'inia, mashavu yameingia ndani. Nikienda dukani naulizwa, mavyaa wako wamlisha upepo? Mamangu amepigiwa simu kwetu kuambiwa binti yako anamuua mama wa watu kwa njaa. Mimi ndiye niliyeolewa hapa, mama. Ukifa wewe, nitasemwa mimi."

"Si nilikuwa nawe kwa daktari? Si ulisikia?"

"Daktari hakai mtaani kwetu."

"Nani aliyekufundisha kunitilia kasimi?"

Akainama kuokota kifumbu. Nikamwambia sitaondoka mlangoni hata adhana iite. Ndipo akamtaja. Alimtaja shoga yangu.

"Alikuja ukiwa umelala. Akakaa pale pale uliposimama. Akasema, mwenzangu alikuwa na mwili wa heshima, angalia mlivyomfanya. Mtie tui la kwanza, hatajua, ulimi wa mtu mzima si kama wetu. Nikamuuliza mume wangu, akasema fanya."

Nilijishika kwenye fremu ya mlango. Goti halikuniuma wakati ule. Sikusikia goti kabisa.

Mwanangu alirudi kutoka kazini bandarini, nikamkalisha. Hakukana. Alikuwa anachezea funguo zake.

"Mama, tulitaka mema. Mwili wako ulikuwa sifa ya nyumba hii."

"Na goti langu?"

"Goti, mama… si umeshazoea kiti?"

Nilimzaa mwenyewe yule. Nilimfundisha kuswali, nikimshika kichwa kwa mkono wangu kumwonyesha paji liguse wapi. Naye akaniambia nimeshazoea kiti.

Kesho yake shoga yangu alipiga hodi kama kawaida. Nikatoka, tukapanda tuktuk, tukaingia majini. Sikutaka kumuuliza ndani ya nyumba ambamo kuta zina masikio. Maji yalipofika kiunoni akanyoosha mkono anishike, nikaurudisha wangu nyuma.

"Vipi leo? Waogopa nitakuzamisha?"

"Umeshanizamisha. Wewe ndiye uliyemwambia mkaza mwanangu anitilie kasimi."

Wimbi dogo likatupita. Nilidhani atakana, nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, si kwa lile alilolisema.

"Sisi tu wawili kule nyuma," akasema. "Viti viwili. Ukipata goti lako utashuka chini na wenzako. Mimi kiuno changu hakina daktari. Nitakaa na nani?"

"Kwa hiyo ulinishika mkono kila asubuhi, ukiniambia nyanyua mguu, na wajua kutembea kule hakutanisaidia kitu?"

"Nilipenda asubuhi hizi, shoga. Wallahi nilizipenda. Nilitaka zisiishe."

Huenda mtu mwenye moyo mkubwa angemkumbatia pale pale. Mimi nilitoka majini peke yangu, nikiburura mguu kama yule kaa aliyenifananisha naye, dera limenigandama, na sikugeuka nyuma. Tuktuk ya kurudi nilipanda mwenyewe. Naandika haya sijamsamehe, na yeye bado hukaa kiti chake na mimi changu, mabega yanakaribia kugusana, hatusemezani zaidi ya salamu.

Nyumbani nikahamia jikoni. Niliagiza kigoda kirefu kwa fundi, kisichotaka kukunja goti, nikawa nakaa pale kila adhuhuri. Mkaza mwanangu akikuna, mimi nakamua. Tui la kwanza nalimimina kwa mkono wangu kwenye sufuria ya watoto. La pili nalo huko huko. La tatu langu. Siku za mwanzo ilikuwa nazi tu inayosikika, kwaruu kwaruu. Baadaye akaanza kuniuliza chumvi. Watoto wakaanza kumaliza sahani zao.

Mizani ikasogea. Themanini na moja na nusu. Kisha ikasogea tena. Muuguzi yule alipiga makofi siku nilipopita chini ya themanini, benchi zima likageuka.

"Shosho! Umefanyaje?"

"Nimehamia jikoni," nikamwambia.

Akamgeukia mkaza mwanangu, aliyekuwa amenishikia mkoba. "Asante dada, umemtunza mama vizuri sana." Mkaza mwanangu akainamisha kichwa. Nilikuwa na neno mdomoni, tena lenye ncha. Nikalimeza.

Daktari akanipa tarehe, kisha akaeleza mambo yote. Nitalazwa. Nikirudi nyumbani, majuma mengi sitasimama peke yangu, sembuse kuingia jikoni. Na kilo zisirudi, maana goti jipya haliwezi kubeba zile za zamani. Akauliza, "Nani atakayempikia mama?"

Nilitazama pembeni. Mwanangu hakuja. Shoga yangu hakuja. Alikuwepo mmoja tu.

"Huyu," nikasema.

Tulikuwa kwenye tuktuk ya kurudi, karibu na nyumbani. Joto limesharudi sasa, mafuta ya nazi yamekuwa maji kwenye chupa, na hata ukiacha bakuli sakafuni mpaka siku ya pili hakuna kitakachoganda juu yake cha kukuambia ukweli. Nadhani naye alikuwa akiwaza hilo hilo, kwa sababu aliniuliza bila kunitazama:

"Mama, utakula nitakachokuletea?"

Nikafikiria mkeka. Nikafikiria paji langu kwenye ule ukindu, alama zake zinazobaki ngozini ukiinuka.

"Nitakula," nikamwambia.