Saiprasi Mahali pa Maua

Jumapili iliyopita binti yangu alikuja na miche miwili ndani ya karatasi nyeusi, ameinunua kwa wale vijana wanaouza miti kando ya barabara huku Kilimani. Mmoja ulikuwa saiprasi, ule watu huuita mti wa Krismasi. Wa pili ni ule mti mfupi wa maua ya rangi tatu: ua hufunguka zambarau, kesho yake likapauka, keshokutwa likawa jeupe, na yote utayakuta kwenye tawi moja. Amenunua kaploti Ngong na anataka kukazungushia fensi. "Mama, nipande upi?"

Nilivunja kitawi cha saiprasi nikakinusa. Mnaijua harufu ile, kali kama dawa ya kusugua kifua. Nikamjibu bila kuzunguka. Saiprasi huota mbio, haimwagi majani, haitaki kubembelezwa. Lakini hunyonya maji yote, na chini yake hata mboga ya sukuma haikubali kumea. Ukiipunguza ukafika ndani kwenye mti mkavu, hapo haichipui tena, shimo litabaki shimo. Huu wa maua huota polepole mpaka uchoke kungoja, lakini ukiukata vibaya hukusamehe. "Panda wa maua," nikamwambia. Akauliza mbona nimekasirika. Sikumwambia. Nawaambia ninyi.

Nilizaliwa Kileleshwa kabla haijajaa maghorofa, wakati ilikuwa nyumba za mawe na bustani za Wazungu. Msidhani tulikuwa na kitu. Baba alikuwa shamba boi, mama alifua na kupiga pasi, na sote tulilala katika chumba kimoja cha wafanyakazi nyuma ya nyumba ya mwajiri wao Mzungu. Kati ya chumba chetu na bustani palikuwa na mstari wa ile miti ya rangi tatu, uliomfika mtu mzima kifuani. Ikifika jioni harufu yake ilikuwa tamu hata ukasahau moshi wa makaa. Mama akianika nguo, kichwa na mabega yake yalionekana juu ya maua, na mimi nilidhani hakuna mwanamke mzuri kumshinda.

Uhuru ulipokuja, yule Mzungu akaamua kuuza arudi kwao. Mama akafunga safari hadi Dagoretti kumwambia mdogo wake, Wambui, ambaye mumewe alikuwa ameshapata kazi kubwa serikalini. "Nyumba nzuri inauzwa," akamwambia. "Heri iende kwa mtu wetu." Wakainunua. Nilirukaruka siku nzima. Nilijua sasa tutahamia ndani, na nilikuwa nimeshachagua dirisha langu.

Hatukuhamia. Anti Wambui alisema tungoje kidogo, wapange vitu. Tukangoja. Baba akaendelea na panga lake, mama na pasi yake ya makaa. Kulipokuwa hakuna watu, hao wawili walikuwa ndugu kabisa. Anti alikuja amevaa patipati za mpira, akaketi kwenye jiwe letu la kufulia, wakacheka habari za kwao, na mama akamwita Kanini, yaani kadogo, jina lake la utotoni. Lakini siku za wageni mama alimwita Memsaabu, kama alivyomwita mke wa yule Mzungu, na mimi nilikatazwa kuvuka maua. Nilipouliza kwa nini, mama alisema, "Anayepanda ngazi mpya hushika ukuta. Mwache azoee."

Jumamosi moja kulikuwa na chai ya wake za wakubwa bustanini. Mimi nilikuwa nimechutama chini ya maua na kipande cha keki nilichopewa na mama. Yeye alikuwa upande wetu, akianua nguo upesi kwa sababu mawingu yalikuwa yamekaribia. Mgeni mmoja mnene, mwenye kofia kubwa, akatazama juu ya fensi. Akamtazama Anti. Akamtazama mama tena.

"Haiya! Wambui, hii si pua yako? Na huo mwanya wa meno! Huyu ni nani wako?"

Wote wakacheka. Mama naye akatabasamu, akaweka nguo chini, akafuta mikono kwenye eproni aje kusalimu.

Anti alikuwa akimimina chai, hakuinua macho. "Huyo? Huyo tulimkuta hapa. Alikuja na nyumba."

"Kama jiko!" akasema mwenye kofia, na vicheko vikaanza upya.

Mama akaokota nguo moja moja, akazikung'uta ingawa hazikuwa na vumbi, akaingia chumbani. Mvua ikanyesha na wale wengine wakakimbilia ndani kwao.

Jumatatu asubuhi Anti alikuja huku nyuma, bado na viatu vyake vya kwenda mjini. Baba alikuwa akinoa panga. Anti akasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Baba Wairimu," akasema, maana mimi ndiye Wairimu, "hii fensi ni fupi. Watu wanaona mpaka nguo zenu. Haiwezi kuinuka kidogo?"

"Hii haiharakishwi," baba akasema. "Itachukua miaka."

Mama akatoka na beseni. "Ng'oa," akamwambia baba. "Panda saiprasi, karibu karibu. Mwaka wa tatu hata moshi wetu hautaonekana."

"Nyambura," Anti akamwambia mama, "ile Jumamosi, mimi sikuwa..."

"Ndiyo, Memsaabu."

"Hakuna wageni hapa. Niite jina langu."

"Ndiyo, Memsaabu."

Anti akaanza kulia. Mtu mzima, viatu vya visigino vikizama kwenye matope, analia mbele ya shemeji yake. Mimi nilishangaa. Nilidhani analilia maua. Kwangu mimi zilikuwa habari njema, kwamba tutapata mstari mzima wa miti ya Krismasi upande wetu, na watoto wa Kileleshwa yote watanionea wivu.

Baba aling'oa maua, akapanda saiprasi. Zikaota jinsi mama alivyosema. Kwanza tukapoteza jua la asubuhi, halafu la mchana. Sukuma ya mama ikageuka manjano ikafa. Nguo zilikauka siku ya pili, na ndugu yangu mdogo akawa anakohoa kutoka Juni hadi Agosti. Baba alitaka kukata tundu la kupitisha mwanga, mama akakataa. Mara kwa mara tulisikia patipati zikikokota upande wa pili, kisha sauti: "Nyambura?" Mama alijibu kwa adabu, "Memsaabu?" Patipati zikarudi zilikotoka. Baadaye hazikuja tena. Lile jina la Kanini sikulisikia tena nyumbani kwetu.

Tulipohamia Kinoo nilikuwa msichana mkubwa, na miaka yote nilisimulia kwamba Anti Wambui alituficha nyuma ya miti. Mama alinisikia nikisema hivyo mara nyingi. Hakunisahihisha.

Mama tulimzika mwaka jana. Anti alikuja, mzee sasa, akishikwa mkono. Emsii wa mazishi alipouliza kama kuna ndugu mwenye neno, akaomba kipaza sauti. "Huyu ni dada yangu," akasema. "Tumetoka tumbo moja. Alinibeba mgongoni." Ilisikika hadi barabarani. Watu wakapangusa macho. Mimi nilitazama sanduku.

Baadaye nilimpelekea kiti na chai. Akanishika mkono, akauliza polepole, "Alikuwa akinitaja?"

Mimi si mtu wa kupaka asali. Nikamwambia, "Hapana."

Akalia vilevile alivyolia siku ile matopeni, mdomo umefunguka, bila kujifunika uso. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mtoto wa miaka minane hakuweza kukielewa. Jumatatu ile Anti hakuwa amekuja kuzungumzia urefu wa fensi. Alikuwa amekuja kuomba msamaha, akaogopa, akaanzia kwenye fensi kwa sababu hakujua pengine pa kuanzia. Na ukuta ule ni mama aliyeujenga, kwa mti unaoota haraka kuliko yote, na kwa adabu ambayo hakuna mtu angeweza kumlaumu kwayo.

Mama alikuwa na haki. Nitasema hivyo mpaka nami nizikwe. Lakini haki ile ndiyo tuliyolala nayo katika chumba kisicho na jua, na haikutupa joto hata siku moja.